Nguo Ambayo Keji Hakuifua

Jalada lilikuwa limeiva, na jalada linaloiva haraka hivyo lilipaswa kumtia shaka mpelelezi yeyote mwenye akili zake. Inspekta Nyagai alikuwa na akili zake zote, ila tangu jana alikuwa amezipa likizo. Alilikuta mezani asubuhi, jembamba na safi, Sajini Mogga amekwisha kulipiga mhuri na kulifunga kamba. Mlalamikaji: Marvin, Mkenya, msafiri wa begi mgongoni. Mshukiwa: Keji, mfuaji nguo katika gesti aliyofikia msafiri huyo. Kilichoibwa: pasipoti. Alasiri ya siku hiyo jalada lingepelekwa kwa mwendesha mashtaka, na Keji angetolewa selo ya kituo ahamishiwe gereza kuu kungoja kesi. Huko watu hungoja mpaka ndugu zao wanachoka kuwaletea chakula.

"Madam, hii kesi imeisha," alisema Mogga, akipuliza chai yake. "Mwizi iko ndani, mwenye mali iko hapa. Bado nini?"

"Bado mali, Mogga. Pasipoti yenyewe iko wapi?"

"Ameuza."

"Amemuuzia nani?"

Mogga akanywa chai. Hilo halikuwamo katika jalada.

Kabla hajamaliza kikombe, mlalamikaji mwenyewe akaingia, begi lake refu mgongoni. Lilikuwa limeshonewa vitambaa vya bendera, kimoja kwa kila nchi aliyokwisha kuiaga: Afrika Kusini, Botswana, Zambia, Malawi, Tanzania, Rwanda, Uganda. Kenya hakupita. Alikuwa amezunguka mbali makusudi, asije akaonja ugali wa mama yake akashindwa kuondoka tena. Alikuwa akitoka Cape Town kwenda Cairo kwa nchi kavu, bila kupanda ndege hata mara moja, na kila mpaka alioupita alijipiga video akipunga mkono, watu wa kwao wakamshangilia simuni.

"Nimekuja kuaga, madam," Marvin alisema. "Ubalozi wamenipa ile karatasi ya dharura. Basi ya mpakani Nimule inatoka mchana. Narudi tu nyumbani, sina namna."

"Pole sana, kijana. Safari yako imekatwa vibaya."

"Ni Mungu tu."

Nyagai alimwonea huruma, na huruma hiyo ilikuwa na mizizi yake. Yeye alizaliwa njiani, akalelewa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, akasomea Kitale, na tangu arudi Juba hakuwa amesikia mtu akiongea kama wanafunzi wenzake wa bweni. Jana Marvin alipofungua mdomo, Nyagai alimvutia kiti na kumwagizia chai ya maziwa, wakacheka kidogo juu ya githeri ya shuleni yenye mawe. Keji alihojiwa akiwa amesimama.

Mahojiano yenyewe yalikuwa mafupi. Marvin alieleza kwamba alifika kutoka Nimule akiwa na homa. Pasipoti huiweka katika kipochi kidogo cha kitambaa, na kipochi hukibana kwa pini. Hapo alisita, akamtazama Mogga, akayakwepa macho ya Nyagai. "Kwa nguo ya ndani, madam. Ile ya ndani kabisa." Mogga akakohoa. Konstebo wa mlangoni akageukia barabarani ghafla, utadhani ameitwa. Nyagai mwenyewe akaanza kuikagua kalamu yake. Mogga akaandika "nguo", likapita hivyo. Homa ilipopungua, Marvin aliendelea, alizoa kila kilichokuwa sakafuni akakitia katika mfuko wa nguo chafu, akampa Keji. Nguo zilirudi zimepigwa pasi. Kipochi hakikurudi.

Kisha akaletwa Keji, mwanamke wa makamo, mkimya, mikono imechakaa kwa sabuni.

"Ulifua nguo za huyu?" Nyagai aliuliza.

"Nilifua."

"Zote?"

Keji akainamisha kichwa.

"Mama, nakuuliza. Zote?"

Keji aliinua uso akamtazama Nyagai, akamtazama sana. Macho yake yakaenda kwa Mogga, kwa konstebo, kwa Marvin, yakarudi sakafuni. Hakutamka neno jingine mpaka mlango wa selo ulipofungwa. "Asiye na kosa husema," Nyagai alimwambia Mogga baadaye, na akajiona mjuzi wa watu.

Sasa alimpa Marvin mkono, akamtakia njia njema. Kijana alipotoka tu, simu ikaita. Alikuwa Zilpah, Mkenya anayesimamia ile gesti ya njia ya Rejaf.

"Inspekta, sijui kama itakusaidia. Kuna msichana wa jikoni anasema alimwona Keji juzi huko Jebel, kwa yule broka, Athok. Wanaongea kwa siri."

Nyagai akamtazama Mogga. Athok alijulikana na polisi wote wa mji: alikata tikiti za mabasi, alituma mizigo, na watu walinong'ona kwamba hata karatasi za kusafiria alizijua zilikolala.

"Washa gari," Nyagai alisema.

Athok walimkuta chini ya mwavuli wake sokoni Jebel, mlima ukiwa nyuma yake na simu tatu mapajani. Alipoona sare ya Mogga alitabasamu mpaka jino la mwisho.

"Ya madam, karibu! Mnaenda wapi? Arua? Kampala? Nairobi?"

"Naenda ilikokwenda pasipoti ya Kenya."

"Mimi iko na tikiti tu. Pasipoti ya mtu mimi siguse. Rabuna wa juu anaona."

"Keji alikuja kwako juzi. Mfuaji wa gesti."

"Keji? Huyu mama alikuja juu ya mtoto wake, anasoma Adjumani, huko Uganda. Alitaka kutuma godoro."

"Godoro?"

"Godoro, madam! Ya shule. Anaogopa watu wa gari watalalia njiani, ndiyo anaongea polepole na mimi, eti nichague dereva mzuri."

Nyagai hakupenda kuchekwa. Alidai namba ya dereva, akampigia palepale, sauti ikiwa juu ili Mogga asikie. Dereva alikuwa Adjumani. Ndiyo, alibeba godoro. Rangi? Buluu, lina maua. Alilipokea nani? Binti mmoja wa sekondari, akalibeba kichwani akikimbia kwa furaha. Nyagai akakata simu. Ule uzi wa Jebel ulikuwa umekatikia kwenye godoro la mtoto wa shule, na Mogga alikuwa anatazama mlima ili asionekane anacheka.

"Basi, kalas," alisema Athok, akifurahi kupita kiasi. "Mnatafuta kwa huyu mama bure. Maswali mingi alikuwa nayo huyo Mkenya mwenyewe."

Nyagai, aliyekuwa amekwisha kugeuka, akasimama. "Mkenya gani?"

"Huyu wa bendera kwa begi. Alikuja mara mbili. Mara ya kwanza bado mgonjwa, anatetemeka. Anataka gari ya kufika Ethiopia. Namwambia gari mafi, hakuna, njia mbaya, hata watu wa huko wanapanda ndege. Anasema Sudan je? Namwambia wewe husikii redio? Huko vita. Panda ndege. Anasema hawezi, ameahidi watu wote kwa simu hatapanda. Namwambia basi rudi kwenu. Ooo, madam! Akakaa hapo kwa hii benchi, kichwa chini, kama mtu amefiwa."

"Na mara ya pili?"

"Jana jioni, kununua tikiti ya Nimule. Huyo sasa amepona kabisa, anacheka. Nampa pole ya pasipoti, anasema asante. Halafu anauliza: Athok, pale Nimule wanafungua begi mpaka chini?"

"Ulimjibu nini?"

"Nikamwambia inategemea. Lakini nikashangaa. Mtu ameibiwa, anaogopa nini kwa begi?"

Nyagai naye akajiuliza hilo. Akamwambia Mogga waende gesti.

"Lakini mwizi iko ndani," Mogga alilalamika, akifuata.

"Twende, Mogga."

Zilpah aliwapokea ukumbini na maji baridi, mwanamke mnene mchangamfu, rozari shingoni. Alitaka kujua kama Athok amekubali. Nyagai akaomba aonyeshwe anakofulia Keji. Ilikuwa nyuma ya nyumba: bomba, beseni mbili, na kamba ndefu iliyofungwa kutoka ukutani hadi kwenye nguzo ya jenereta. Tangu Keji achukuliwe hakuna aliyekuja kuanua, na nguo zake za mwisho zilikuwa bado zinapigwa na jua: mashuka, taulo, suruali za watu wa mashirika, mashati, soksi zimebanwa mbilimbili.

Nyagai alizipitia kamba nzima, akarudi nazo toka mwisho. Kuna kitu hakikuwapo. Alijua ni nini kabla hajalitafuta neno lake, na masikio yakaanza kumuwaka.

"Mogga, nenda ukakague tairi."

"Tairi iko sawa, madam."

"Nenda ukaikague."

Sajini alipoondoka, Nyagai akashusha sauti, ingawa uani hapakuwa na mtu mwingine. "Zilpah, chupi za wageni mnaanika wapi?"

Zilpah alishtuka, akacheka, akaziba mdomo. "Inspekta jamani! Kwani sisi ni watu gani? Kila mtu anajifulia yake huko bafuni. Hata ya bwanangu siwezi kumpa Keji, na ni mume wangu wa kanisani."

"Mgeni akisahau akaichanganya na nyingine?"

"Wanasahau, hasa wazungu. Keji haigusi. Anaitoa na kijiti, anaitia kwa mfuko wa nailoni, anakaza na kipande cha kitenge, fundo lake lile la nguvu, ndio mwenyewe ajue hakuna mtu amefungua. Halafu anauning'iniza kwa kitasa. Hasemi kitu. Mgeni naye akiuona hasemi kitu. Siku hiyo hata chai wanakunywa wakitazama dirishani."

"Na kwa mlango wa Marvin?"

Zilpah akaacha kucheka. "Ulikuwepo. Siku ile ya nguo. Nilipita nikaangalia kando."

"Ulikuwepo, na hukuniambia?"

"Wewe uliniuliza? Uliniuliza nani alishika nguo, nikasema Keji. Sasa ningeanzia wapi kuongelea chupi ya mtoto wa watu, na yule sajini wako amekodoa macho na kalamu mkononi?"

Nyagai akaigeukia tena kamba. Ukweli ni kwamba hakuhitaji kuambiwa na Zilpah wala na kamba ya nguo. Sheria hiyo aliijua toka utotoni. Mama yake alimwekea kibeseni chake peke yake kule Kakuma na kumwambia kwamba nguo ile haifuliwi na mwingine, hata ukiwa mgonjwa, hata ukiwa malkia. Bwenini Kitale, msichana aliyethubutu kuiacha bombani aliimbwa muhula mzima. Alijua, na jana, kijana alipotamka nguo ya ndani, yeye inspekta mzima akaangalia kalamu. Lau angeuliza swali moja tu la aibu, Keji angelala kwake.

Alisimama kwenye kivuli cha mashuka akaupanga mkasa upya. Marvin mgonjwa anazoa nguo zote kwa pamoja. Anasahau, ni kosa la homa. Keji anafungua mfuko, anaona asichopaswa kukigusa, anakitenga na kijiti na kukifunga. Kipochi kimebanwa kwa pini ndani ya nguo hiyo, kwa hiyo kinafungwa pamoja nayo. Mfuko unaning'inizwa. Marvin anauona, anajua ni nini, anafedheheka, anautumbukiza chini kabisa ya begi bila kuufungua. Kisha anaikosa pasipoti katika nguo zilizopigwa pasi, anaamini mfuaji alikibandua kipochi kabla ya kufunga, anakimbilia polisi. Mpaka hapo kijana si mwongo. Ni mtu wa haya kama wengine wote, na haya zake zimemwangukia mfuaji.

Lakini mtu aliyeibiwa haulizi kama begi lake litafunguliwa mpaka chini.

"Mogga!" aliita akielekea garini. "Ile basi imeondoka?"

Basi lilikuwa bado, likipakiwa magunia juu na abiria ndani, utingo akigombana na mama mmoja kuhusu kuku. Marvin alikuwa kwenye kiti cha dirishani, vidude vya muziki masikioni. Alipomwona Nyagai akitembea kuelekea mlangoni alivitoa, kimoja kimoja, taratibu.

"Madam. Imepatikana?"

"Shuka kidogo, Marvin. Na begi lako lishushwe."

"Kuna nini? Basi inaenda."

"Itakungoja. Au haitakungoja."

Mogga alililaza begi juu ya benchi ya mkata tikiti. Abiria walichungulia madirishani, maana hakuna burudani inayoishinda ya kuona mwenzako anapekuliwa. Zikatoka nguo zilizopigwa pasi na Keji, zimekunjwa vizuri. Kikatoka kijiko, hema, kamera, dawa za malaria, bendera mpya ya Sudan Kusini ambayo ilikuwa haijashonwa. Chini kabisa palikuwa na mfuko mweusi wa plastiki. Mogga aliubonyeza, akatambua kilichomo, akairudisha mikono nyuma.

"Madam, hii... hii ni ya ndani. Mimi siguse."

"Zangu chafu tu hizo," Marvin alisema upesi. "Madam, tafadhali. Mbele ya watu wote hawa?"

Hapo ndipo Nyagai alipoiona ngome yote ya kijana ilivyojengwa. Hakuhitaji kufuli wala sanduku. Alikuwa na mfuko ambao hakuna askari mwanamume angeutia mkono, na hakuna askari mwanamke angethubutu, si hapa na si mpakani. Joto lilimpanda mpaka shingoni. Wanawake wa madirishani walikuwa wameanza kuguna. Akaupindua mfuko juu ya benchi.

Ndani ya ule mweusi mlikuwa na wa nailoni. Fundo la kitenge lilikuwa palepale juu, limekazwa, halijaguswa. Ubavuni nailoni ilikuwa imepasuliwa kwa kisu. Nyagai akatia mkono. Boksa ya kwanza, ya pili, na katika ya tatu vidole vyake vikakutana na pini. Akaifungua, akatoa kipochi, akatoa pasipoti, akaifunua kwenye picha: Marvin bila ndevu, akitazama mbele kwa ujasiri.

Mama mmoja dirishani akapiga kofi kwa mshangao. "Huyu si ndiye anasema aliibiwa?"

"Uliupasua lini?" Nyagai aliuliza.

"Madam, naweza kueleza."

"Lini?"

"Jana." Sauti ilikuwa ndogo. "Jioni. Nilikuwa natafuta chaja."

"Jana jioni mama Keji alikuwa wapi?"

Marvin alitazama vumbi la miguuni pake.

"Nimekuuliza. Alikuwa wapi?"

"Ndani."

"Ulijua hilo?"

"Nilijua."

"Kituo unakijua. Namba yangu unayo. Chai yangu umekunywa. Kilichokuzuia ni nini?"

Sheng ilimtoka kijana, ule ujasiri wa video ukawa umemwisha wote. "Nilikuwa nakuja, haki ya Mungu. Nilivaa hata viatu. Halafu nikafungua simu. Nilikuwa nishapost kuwa nimeibiwa. Watu maelfu wananiambia pole, wewe ni shujaa, rudi nyumbani tutakupokea. Kanisa ya kwetu imefunga kuniombea. Madam, mimi niliogopa. Barabara hakuna, ndege niliapa sipandi. Tangu Nimule nilikuwa nimeogopa, usiku nalia kama mtoto. Nikirudi hivyo tu, niseme nini? Shujaa amerudi amenyong'onyea? Mtu akiibiwa anarudi na heshima yake."

"Na mama?"

"Nilidhani mtamwachilia. Bila ushahidi. Nilidhani siku mbili tatu tu."

"Ni nani alikuambia hapa huwa siku mbili tatu?"

Marvin alianza kulia, bila sauti, mkono umefunika macho. Nyagai alimtazama akatafuta hasira ndani yake. Ilikuwepo, lakini haikuwa na pa kusimama. Kijana alikuwa amemwacha mtu ateseke kwa kuogopa kuaibika, na yeye mwenyewe alikuwa amefanya hivyohivyo, na cheo juu.

"Mogga, mchukue. Taarifa ya uongo kwa polisi, na kumfungisha mtu kwa kujua. Andika vizuri safari hii. Andika boksa."

"Niandike..."

"Boksa, Mogga. Kwa herufi kubwa."

Basi liliondoka bila abiria wa dirishani, likaacha vumbi na unyoya mmoja wa kuku.

Kituoni, Nyagai alichukua funguo za selo mwenyewe na kumwamuru konstebo aende nje. Keji alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, miguu imefunikwa kitenge. Hakusimama.

"Mama Keji. Tumeipata. Ilikuwa kwake mwenyewe, ndani ya ule mfuko ulioufunga. Uko huru."

Keji aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayeambiwa kwamba mvua inanyesha.

"Nimekukosea sana," Nyagai alisema. "Nisamehe, mama. Malesh. Lakini mbona hukusema? Ungeniambia tu kwamba ile hukufua, nisingekufungia."

"Nilikuwa nangoja wewe."

"Mimi?"

"Nilikuangalia. Hapo kulikuwa polisi wanaume mbili, na huyo mtoto mwenye nguo iko hapo. Mimi nitasema vipi hiyo maneno? Lakini nikaona wewe ni mwanamke. Nikasema, huyu anajua. Huyu sasa hivi atatoa hawa wanaume nje, ataniuliza pole pole." Keji alikunja kitenge chake, pembe kwa pembe. "Nikangoja. Ukasema peleka yeye ndani."

Nyagai alitafuta pa kuweka macho. Hata kalamu hakuwa nayo. Maneno ya kujitetea yalimjia mengi, ya Kiingereza cha mafunzo na ya Kiswahili cha Kitale, na kila moja lilikuwa la aibu kuliko lililotangulia. Akayaacha.

"Nitakutafutia gari ndogo," alisema mwishowe. "Gari ya kawaida, isiyo ya polisi. Ikufikishe kwako New Site kimya kimya, mtu asijue ulikotoka."

"Hapana."

"Ni kwa heshima yako, mama."

"Heshima gani? Mlinichukua na ile gari ya bluu, mchana, jirani wote wanaangalia. Mlipekua sufuria yangu. Watoto waliita mimi haramia. Sasa unataka kunirudisha kama mwizi amejificha?" Keji alisimama, akajifunga kitenge vizuri kiunoni. "Gari ile ile. Mchana. Na wewe utashuka, utawaambia."

Wakaenda. Mogga aliendesha. New Site watu walikuwa wametoka kutafuta upepo vibarazani, na gari la polisi liliposimama mbele ya kioski walisogea, wanawake na madebe ya maji, wazee waliokuwa wakicheza karata, watoto mbele kabisa. Keji alishuka kwanza, akasimama mlangoni pake, akageuka, akangoja.

Nyagai alishuka. Kuna jambo alilokuwa hajalifikiria njiani: hawa hawakuwa watu wa Kiswahili. Kiarabu cha Juba alikijua kidogo tu, cha kununulia nyanya, na kila alipokitumia wauzaji walimjibu kwa kicheko na kumwita mtoto wa Kenya. Alivua kofia.

"Keji," alianza, akiyatafuta maneno. "Keji ma seregu haja." Keji hakuiba kitu.

Watoto walicheka matamshi yake. Mzee mmoja wa karata akawanyamazisha kwa mkono.

"Ana galtan," alisema Nyagai. Mimi ndiye mwenye kosa. "Ana, bolis. Ana galtan."

Nyuma ya umati mwanamke fulani akauliza jambo, na wenzake wakaguna kumuunga mkono. Nyagai hakumwelewa. Akamgeukia Mogga, lakini Mogga alikuwa amebaki garini, mikono kwenye usukani, macho mbele. Hakukuwa na mwingine wa kumtafsiria ila mwenye nyumba.

"Anasema hawasikii huku nyuma," Keji alimwambia. "Sema tena."

Nyagai akapaza sauti, akasema tena.